Mabwawa ya samaki ya makabaila wa Uingereza: jifunze ujenzi wao, usiige mahesabu yao



Msimu huu swali ninaloulizwa kuliko yote ni la mabwawa ya samaki. Mtu ana nusu ekari bondeni, amepata pesa kidogo ya vitunguu au nyanya, ameona video ya mwenzake anavua sato wakubwa, basi na yeye anataka kuchimba. Akinipigia simu cha kwanza ni "Bwana shamba, nichimbe kina gani?" Swali zuri, ila hilo ni la tano au la sita. Kuna mengine ya kutangulia, na yakirukwa pesa ya vitunguu inazama bondeni na hairudi.

Leo sitaanza na vipimo. Nitawapeleka mbali kidogo, Uingereza ya miaka 700 hadi 800 iliyopita. Watu wa kule walichimba mabwawa ya samaki kwa majembe, bila saruji, bila pampu, bila turubai la plastiki la kutandika chini. Baadhi ya mabwawa hayo yana maji mpaka leo. Mengine mengi yamebaki mashimo yenye nyasi katikati ya malisho ya ng'ombe. Ukielewa kwa nini haya yalidumu na kwa nini yale yaliachwa, utakuwa umejibu nusu ya maswali yako. Mimi nina stashahada ya kilimo, si mwanahistoria, kwa hiyo tutayatazama kwa jicho la ugani: udongo, maji, samaki na pesa.

MAKAO YENYE HANDAKI

Katika zama zile ardhi ya Uingereza ilikuwa mikononi mwa makabaila. Msichanganye mambo hapa. Mimi mnaniita bwana shamba kwa heshima tu, yule alikuwa bwana wa shamba kweli kweli: ardhi yake, baraza lake la kuamulia kesi ndogo, na wakulima wengi waliolazimika kumfanyia kazi kwenye shamba lake bila ujira ndipo waende kwenye vipande vyao. Makao yake yalikuwa na nyumba kubwa, ghala, zizi, bustani ya matunda, na mara nyingi kanisa lilikuwa jirani.

Kati ya mwaka 1250 na 1350 hivi ukaingia mtindo wa kuzungushia makao hayo handaki la maji. Uingereza peke yake yamehesabiwa zaidi ya makao 5,000 ya aina hiyo, mengi yakiwa katikati na mashariki ya nchi, kwenye maeneo kama Suffolk, Essex na Warwickshire. Ukitaka kuona mfano ambao bado umesimama, upo Ightham Mote huko Kent, nyumba ambayo sehemu zake za zamani ni za karne ya 14, na Baddesley Clinton huko Warwickshire. Zote mbili bado zimezungukwa na maji.

Ukisikia handaki unafikiria vita. Lakini mengi ya haya yasingezuia jeshi hata asubuhi moja. Yalizuia wezi, mbwa mwitu na mifugo iliyopotea, basi. Sababu kubwa ilikuwa heshima. Ngome za wafalme na wakuu zilikuwa na mahandaki, na kabaila mdogo naye akataka watu wakipita waseme huyu si mwenzetu. Hata hivyo handaki lilikuwa na faida zake shambani. Udongo uliochimbwa ulinyanyua kiwanja cha nyumba kikawa kikavu, maji yalinyweshea mifugo, yalizima moto kwenye nyumba za mbao na makuti ya majani, na yalifugia samaki.

Pembeni ya handaki, au likiwa limeunganishwa nalo kwa mfereji, ndipo yalipokuwa mabwawa ya samaki. Kumbukumbu za mambo ya kale za Uingereza zina karibu maeneo 2,000 ya mabwawa hayo. Huko Lyddington, Rutland, kwenye makao ya zamani ya askofu wa Lincoln, matuta na mashimo ya mabwawa yake bado yanaonekana wazi shambani, yamejipanga kama vitalu vya mboga.

KWA NINI SAMAKI?

Kwa sababu kulikuwa na mlaji, na mlaji huyo alikuwa na kalenda.

Kanisa la wakati ule lilikataza nyama siku za kufunga. Ijumaa zote, Kwaresima nzima, mikesha ya sikukuu, na kwa nyumba nyingi hata Jumatano na Jumamosi. Kwa watawa na nyumba zilizofuata sheria kwa ukali, siku za bila nyama zilikaribia nusu ya mwaka. Mtu wa kawaida alikula heringi wa chumvi kutoka baharini, maana huyo ndiye aliyekuwa rahisi. Samaki hai wa maji baridi alikuwa mambo mengine. Samaki mmoja mkubwa wa bwawani, aina ya brimu au paiki, aliweza kugharimu ujira wa kibarua wa siku kadhaa. Kwa hiyo alikuwa chakula cha wakubwa, cha karamu, cha kumpokelea mgeni mzito. Wafalme walitoa samaki hai kama zawadi kwa watu wao ili wakawapande kwenye mabwawa yao.

Hili la kalenda likumbuke, tutalirudia kwenye pesa. Sasa tuingie kwenye ujenzi, maana hapo makabaila na mafundi wao walijua kazi.

SOMO LA 1: UDONGO KWANZA

Angalia tena maeneo niliyoyataja: Suffolk, Essex, Warwickshire. Yana kitu kimoja kinachofanana, udongo mzito wa mfinyanzi. Mahandaki yalijaa kule kwa sababu ukichimba tu maji yanakaa. Palipokuwa na udongo unaovujisha, mafundi walibeba mfinyanzi, wakauloanisha na kuushindilia kwenye tuta hadi ukakaza. Kazi ya ukuta wa bwawa haikuwa kuonekana mkubwa. Ilikuwa kuzuia maji yasipenye.

Jaribio lao nawe unaweza kulifanya bila kulipa mtu. Chota udongo wa kina cha futi tatu hivi, si wa juu. Uloanishe, ufinyange uwe mpira, urushe juu na kuudaka. Ukibomoka, mfinyanzi hautoshi. Ukibaki mzima, chimba shimo la majaribio la kina cha kiuno, lijaze maji asubuhi, jioni angalia yamepungua kiasi gani, yajaze tena, funika kwa majani, kisha angalia kesho yake. Siku ya kwanza yatapungua kwa sababu udongo unakunywa. Siku ya pili yakiwa bado karibu pale pale, hapo una mahali. Yakiwa yameisha, ardhi hiyo ina mazao mengine ya kukupa.

SOMO LA 2: MAJI YAWE NA MLANGO WA KUINGIA NA WA KUTOKA

Wengi wanakwama hapa. Mwaka jana kijana mmoja wa kata ya jirani aliniita nimwangalizie bwawa lake. Limechimbwa vizuri, pembe nne, limejaa maji ya chemchemi. Nikamuuliza, "Ukitaka kulikausha unafanyaje?" Akacheka, akasema, "Kwa ndoo, bwana shamba." Lile ni shimo lenye samaki, bado halijawa bwawa la ufugaji.

Mafundi wa zama zile waliweka tuta la udongo kukinga bonde dogo, na chini kabisa ya tuta wakapitisha njia ya maji. Mara nyingi ilikuwa gogo la mwaloni lililochongwa tundu, au lango la mbao lenye ubao wa kunyanyua. Ukichomoa kizibo, bwawa linatoka lote. Pia walichimba mfereji wa pembeni unaolizunguka bwawa. Kijito kikifura wakati wa mvua, maji ya ziada yanapita pembeni, hayapandi juu ya tuta. Tuta la udongo likishapandwa na maji halichukui muda, linakatika, na samaki wako wanaenda kuwa samaki wa jirani.

Kwa hiyo bwawa lao lilikuwa na njia tatu: ya kuingizia, ya kutolea, na ya kuchepushia mafuriko. Wewe leo una bomba la plastiki la inchi nne au sita na wavu wa kuzibia mdomo wake, lakini hesabu ni ile ile, tatu. Kama eneo lako ni bapa kiasi kwamba maji hayawezi kutoka yenyewe kwa mteremko, weka gharama ya pampu kwenye bajeti kabla hujaanza.

Na kabla ya kukinga kijito, fikiria walio chini yako. Mfalme William alipoteka kaskazini ya Uingereza alikinga mto Foss pale York, akapata ziwa kubwa lililolinda ngome yake na kumpa samaki. Kitabu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086 kinaandika hasara yake: vinu viwili vipya vya kusaga nafaka viliharibiwa, na ardhi nzuri ya kilimo yapata ekari 120 ikazama. Mfalme hakuulizwa na mtu. Wewe utaulizwa na majirani na ofisi ya maji ya bonde, kwa hiyo tafuta kibali mapema.

SOMO LA 3: BWAWA MOJA HALITOSHI

Nyaraka za Kilatini za wakati ule zinatofautisha majina mawili. Kulikuwa na "vivarium", bwawa kubwa la kuzalishia na kukuzia, ambalo mara nyingi lilikuwa mbali kidogo na nyumba. Halafu kulikuwa na "servatorium", kibwawa kidogo karibu na jiko, cha kuhifadhi samaki waliokwisha kuvuliwa wakiwa hai. Mpishi akihitaji watano kwa chakula cha mchana, anatuma mtu na wavu mdogo, hakuna kusumbua bwawa kubwa.

Faida yake ni mbili. Kwanza, unavua bwawa kubwa mara moja, kwa utaratibu, huku ukiuza kidogo kidogo kwa bei unayoitaka. Mkulima asiye na pa kuhifadhia samaki hai siku ya kuvua anapangiwa bei na mchuuzi, maana samaki aliyekufa hangoji. Pili, unatenganisha wadogo na wakubwa. Paiki ni samaki mla samaki, kama alivyo kambale kwetu. Ukimweka na vifaranga anajipakulia mwenyewe.

Kitu kingine, nyumba nyingi zenye handaki zilikuwa na vyoo vilivyomwaga moja kwa moja kwenye handaki hilo. Sasa elewa kwa nini kuwa na mabwawa ya pembeni yenye maji yake yanayotembea ilikuwa busara. Maji ya kukaa na taka nyingi yanaishiwa hewa, na samaki wanaanza kupumulia juu alfajiri. Ukiona hivyo kwako usilishe siku hiyo, ingiza maji mapya.

SOMO LA 4: KAUSHA, PUMZISHA, LIMA

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mabwawa yao hayakujazwa yakaachwa. Kila baada ya miaka 3 hadi 5 hivi bwawa lilifunguliwa likakauka. Samaki wakubwa walichukuliwa, wadogo wakahamishiwa bwawa jingine. Tope lilichotwa na kusambazwa mashambani kama mbolea. Tuta likakarabatiwa, mizizi ya miti ikakatwa, lango likabadilishwa mbao. Mara nyingine sakafu ya bwawa ilipandwa nafaka au kulishiwa mifugo kwa msimu mmoja, ndipo maji yakarudishwa.

Wao waliona kwa macho kwamba bwawa lililopumzishwa linazaa vizuri. Leo tunajua sababu. Jua na hewa vinaozesha uchafu uliolala chini, virutubisho vinaachiwa, na vimelea na samaki wavamizi wanakufa. Kwa mfugaji wa perege au sato kuna sababu nyingine ya ziada. Hawa wanazaliana haraka mno, na bwawa lisilokaushwa linajaa samaki wadogo wanaogombania chakula, wote wana umri, hakuna mwenye uzito. Kausha kila baada ya mavuno, paka chokaa, acha sakafu ipasuke nyufa, ndipo ujaze upya. Tope lipeleke kwenye migomba.

Na uwezo wa kukausha haujawahi kupitwa na wakati. Mabwawa mawili ya Frensham, huko Surrey, yalitengenezwa karne ya 13 kwa ajili ya askofu wa Winchester. Wakati wa Vita Kuu ya Pili yalikaushwa ili yasiwe alama ya kuwaongoza marubani wa adui usiku, na baadaye yakajazwa tena. Bado yapo.

SOMO LA 5: ULINZI NI SEHEMU YA BAJETI

Samaki wa bwawani ni pesa inayoogelea karibu na njia. Mwaka 1275 sheria ya Mfalme Edward wa Kwanza iliweka kifungo cha miaka mitatu, pamoja na kumlipa fidia mwenye mali, kwa mtu aliyepatikana na hatia ya kuvamia mabwawa ya samaki au mapori ya wanyama ya watu. Sheria haiwi kali hivyo kama wizi ni mdogo. Kama bwawa lako liko kilomita tatu kutoka unapolala, mlinzi si anasa.

SASA PESA: HAPA USIIGE

Tulipofika unaweza kusema makabaila walikuwa wafugaji hodari. Kwa ujenzi, ndiyo. Kwa biashara, tusogee karibu tuangalie.

Askofu wa Winchester alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza, na alikuwa na mabwawa mengi, yakiwemo ya Bishop's Waltham na Alresford pamoja na yale ya Frensham. Uzuri wa mashamba yake ni kwamba mahesabu yao ya mwaka hadi mwaka, kuanzia 1208, yaliandikwa na yamehifadhiwa. Mnaona? Miaka 800 iliyopita msimamizi wa shamba aliandika fundi kalipwa kiasi gani kutengeneza tuta, mbao zimegharimu nini, wavuvi wamepewa nini. Hilo la kuandika liigeni leo leo.

Lakini waliochunguza mahesabu hayo wanaona jambo la kushangaza: samaki waliovuliwa walikuwa wachache kulinganisha na ukubwa wa mabwawa, na wengi walikwenda mezani kwa askofu, kwa wageni wake au kuwa zawadi. Wa kuuzwa walikuwa wachache. Bwawa halikuwekwa lilipe. Liliwekwa ili askofu akija na msafara wake akute brimu mnene, na mgeni wake aone nguvu zake.

Tena brimu katika maji ya baridi ya kule alichukua miaka mitano au zaidi kufikia ukubwa wa kuheshimika. Kabaila aliweza kusubiri, maana gharama haikuwa mfukoni mwake. Waliochimba walikuwa wakulima wake, ardhi iliyozama ilikuwa ya urithi, na chakula cha nyumba kilitoka kwenye kodi za watu wengine.

Nini kilifuata? Mwaka 1348 tauni kuu iliingia Uingereza ikaua sehemu kubwa sana ya watu. Vibarua wakawa adimu, ujira ukapanda, na makabaila wengi wakaacha kuendesha mashamba wenyewe wakayakodisha. Bwawa linalohitaji watu wa kuzoa tope na kukarabati tuta likawa mzigo. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane akafuta monasteri, na watawa waliokula samaki kwa kalenda wakatawanyika. Mageuzi ya dini yakalegeza kufunga. Mwaka 1563 serikali ya Malkia Elizabeth iliongeza hata Jumatano kuwa siku ya samaki kwa sheria, lakini shabaha ilikuwa kuwalinda wavuvi wa baharini na mabaharia wao, si wenye mabwawa. Samaki wa baharini walikuwa wengi na rahisi. Kidogo kidogo malango yakaoza, maji yakatoka, nyasi zikaota. Ujenzi ulikuwa mzuri, ila aliyekuwa akiulipia hakuwepo tena.

WALIOFANYA BIASHARA

Wakati huo huo, Bohemia, sehemu ya Ucheki ya leo, mambo yalikuwa tofauti. Kule wenye ardhi walifuga samaki kwa ajili ya kuuza mijini, na walichagua samaki wa kazi hiyo, karpi. Karpi anakua haraka kuliko brimu, anavumilia maji ya tope na yenye hewa kidogo, anakula karibu kila kitu, na anasafirishwa hai kwenye mapipa. Uingereza alichelewa kufika. Kitabu cha uvuvi kilichochapwa kule mwaka 1496 bado kinamtaja kama samaki mtamu lakini adimu.

Eneo la Třeboň walijenga mfumo mzima: mfereji mmoja mrefu wa karibu kilomita 48, uliochimbwa mwanzoni mwa karne ya 16, unalisha mabwawa mengi kwa zamu. Bwawa la Rožmberk, lililosimamiwa na Jakub Krčín kati ya 1584 na 1590, lina ukubwa wa karibu hekta 490. Mwaka 1547 askofu Jan Dubravius alichapisha kitabu kizima cha Kilatini kuhusu ufugaji wa mabwawani: wazazi wawe na bwawa lao, vifaranga lao, wa kukuzwa lao.

Mabwawa ya Třeboň yanavuliwa mpaka leo. Vuli ikifika wanafungua malango, maji yanashuka, wavu unavutwa, na karpi wanaenda sokoni kwa ajili ya Krismasi, maana familia nyingi za Ucheki hula karpi mkesha wa Krismasi. Mnaona kalenda tena? Wanajua nani atakula, lini, na samaki wa uzito gani, kisha wanarudi nyuma kuhesabu tarehe ya kupanda vifaranga.

Udongo, lango, kukausha, kutenganisha, yote hayo yalikuwepo pande zote mbili. Tofauti ni kwamba Bohemia walianza na mlaji anayelipa, na kabaila wa Uingereza alianza na macho ya wapita njia.

HESABU KABLA YA JEMBE

Tufanye mfano mdogo kwenye karatasi. Tuseme una bwawa la mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Ukipanda vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba ni 900. Tuseme wanafika 80 kati ya kila 100, unabaki na 720. Ukiwauza wakiwa gramu 250, wanne kwa kilo, una kilo 180. Kama kila kilo ya samaki imetumia kilo moja na nusu ya chakula, umenunua kilo 270 za chakula.

Sasa weka bei za kwenu, si za kwenye video. Zidisha kilo 180 kwa bei ya mteja uliyeongea naye. Toa chakula, vifaranga, mlinzi, usafiri, na sehemu ya gharama ya kuchimba, ukiigawa kwa misimu unayotegemea bwawa lidumu. Kinachobaki kilinganishe na ambacho ardhi hiyo hiyo ingekupa kwa mchicha au mpunga. Kikiwa kidogo kuliko mchicha, lima mchicha. Hakuna aibu.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza kina, njoo na majibu ya haya:

1. Nani atanunua, wiki gani, samaki wa uzito gani? Umeongea naye au unamdhania?
2. Shimo la majaribio limeshika maji siku ya pili?
3. Maji yanaingia wapi, yanatoka wapi yenyewe, na mafuriko yatapita wapi?
4. Utatenganisha wapi wadogo, na utahifadhi wapi walio hai siku ya kuvua?
5. Nani analala karibu na bwawa?
6. Daftari la mahesabu liko wapi?

Ukiwa na majibu sita, kina ni jambo la dakika tano. Kwa bwawa la kawaida la sato, mita moja upande wa juu na mita moja na nusu upande wa kutolea maji inatosha, na sakafu iteremke kuelekea kwenye bomba.

Kazi ya wiki hii ni moja tu, shimo la majaribio. Lichimbe, lijaze, lipime kwa kijiti siku mbili, kisha andika hapa chini umepata nini na udongo wako ni wa rangi gani. Nitajibu mmoja mmoja. Wiki ijayo tutaingia kwenye chakula cha samaki cha kutengeneza nyumbani, na kipi kati ya hivyo kinakupunguzia gharama kweli.

Kazi njema, vijana.